Msaada wakuu: natumaje meseji kwenye vitochi vya wakulima kutoka kwenye imeili?

KaraniWaGhala

Habari za humu wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni karani kwenye chama cha msingi cha ushirika huku Tandahimba, kijiji sikitaji maana mwenyekiti wangu naye anapita humu anasoma kimya kimya.

Iko hivi, tuna wakulima mia nne na kidogo kwenye daftari na kila msimu habari za kuwafikishia ni zile zile, salfa ya kupulizia mikorosho imefika, magunia yamekuja, mnada ni siku fulani sehemu fulani, malipo yameingia au bado. Mpaka leo tunabandika karatasi pale ghalani alafu mtu wa bodaboda anazunguka na spika, ikinyesha mvua karatasi imeloa na bodaboda hatoki. Wenye simu janja tumewaweka kwenye grupu la WhatsApp lakini hawafiki hata sitini, waliobaki wote wana vitochi, na wenye vitochi ndo wenye mikorosho.

Ofisini tuna kompyuta moja na chama kina imeili yake. Sasa kuna kijana alikuja likizo kutoka Dar akaniambia mbona rahisi sana mzee, unaandika imeili kama kawaida, pale kwenye anwani unaweka namba ya simu ya mtu, alafu @, alafu anwani ya mtandao wake, inaingia kwake kama meseji ya kawaida na hulipi kitu. Akanionesha na orodha ndefu ya hizo anwani. Alivyoondoka nikajaribu kwa namba yangu mwenyewe, nikaanza na 255, ikarudi. Nikaanza na sifuri, ikarudi. Nikatoa na sifuri, ikarudi na kingereza kirefu kuliko cha mwanzo. Kijana nampigia hapokei.

Nakosea wapi? Msimu unakuja na mimi nshamuahidi mwenyekiti kwamba mwaka huu mambo ya spika basi.

---

FundiWaMasasi

Karani hujakosea kuandika, umepewa ramani ya mji mwingine.

Orodha uliyooneshwa bila shaka ina vitu kama txt.att.net, vtext.com, tmomail.net na wenzao. Hizo ni za mitandao ya Marekani, na kila mtandao ulikua unapokea imeili kwa ajili ya namba za wateja wake yenyewe. Namba yako ya 255 haipo kwenye vitabu vyao, kwaiyo seva inakurudishia barua kama posta inavyorudisha bahasha ya mtu asiyejulikana mtaani. Na hata huko kwenyewe mambo yamebadilika, AT&T walifunga hiyo huduma tarehe 17 Juni 2025, ukituma leo kwa mteja wao haifiki. Ila kurasa za orodha bado zipo mtandaoni zimekaa tu, hamna wa kuzifuta, ndo zinawadanganya vijana wa likizo.

Ngoja nieleze inavyokwenda maana ukielewa hapa hutadanganywa tena. Imeili inasafiri kwa jina la upande wa kulia wa @, inatafuta seva yenye jina hilo inaingia. Meseji haijui @ wala seva, yenyewe inapita kwenye kituo cha meseji cha kampuni ya simu, na inamtafuta mtu kwa namba. Ni kama mashua na basi, huwezi kupakia basi kwenye maji. Lazima katikati kuwe na mtu anapokea imeili yako, anaivua nguo zote, picha, rangi, viambatanisho, anabaki na maneno matupu, alafu anayaingiza kwenye kituo cha meseji. Huyo wa katikati akiwa wa bure kwa kila mtu unajua nini kinatokea, kutuma imeili milioni moja ni karibu na bure, kwaiyo matapeli wanahamia hapo na mwenye simu ndo anapata usumbufu.

Alafu kitu kingine hata kama kila mtandao hapa ungekua na anwani yake ungeshindwa tu. Tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake ile ile, kwaiyo kuangalia tarakimu za mwanzo ukasema huyu ni wa mtandao fulani siku hizi ni kubahatisha. Ungeandika anwani ngapi kwa watu mia nne?

Njia ni moja, unajiunga na kampuni ya kutuma meseji za jumla, wenyewe wanaita bulk SMS, zipo za hapa hapa Tanzania. Wengine wao wanapokea kwa imeili, wengi wana ukurasa wa kuingilia unaweka faili la namba unaandika unatuma. Unalipa kwa idadi ya SMS, ukinunua nyingi bei ya moja inashuka.

---

Mzee wa Shangani

Watu wanashangaa meseji kutoka kwenye kompyuta kama kitu kipya. Meseji ya kwanza kabisa duniani ilitoka kwenye kompyuta, tarehe 3 Desemba 1992, Uingereza, kijana anaitwa Neil Papworth alimtumia mkubwa mmoja wa Vodafone heri ya Krismasi. Simu iliyopokea haikua na uwezo wa kuandika meseji, inapokea tu. Kwaiyo karani wala hujavuka mstari, umerudi mwanzo.

---

KaraniWaGhala

Fundi nakushukuru, hapo kwa mashua na basi nimeelewa. Mzee shikamoo, heri ya Krismasi yake ilifika, zangu ndo zimerudi.

Sasa huo mchezo wa kulipa sikatai, tatizo nikienda kwenye kikao na hesabu lazima iwe kamili. Watu mia nne kumi na mbili, meseji moja moja, nipige 412 kwa mwezi labda mara tatu?

---

Somoe_Lindi

Kaka karani kabla hujapiga hiyo hesabu nisikilize mimi niliyeungua, maana kuna kitu hakuna mtu atakwambia mpaka hela iishe.

Mimi nasaidia kuandika kwenye kikundi chetu cha wakulima hapa Lindi upande wa Ng'apa. Mwaka juzi tulijiunga na kampuni moja, jina naliacha, kosa lilikua letu. Tulikua watu 280 tukanunua SMS 500 tukasema tuna akiba nzuri mpaka awamu ya pili. Nikaandika kwenye Word, nikanakili nikabandika kwenye imeili, nikatuma. Maneno yalikua haya:

Ndugu mkulima, salfa imefika ghalani Ng’apa. Njoo kesho saa 2 asubuhi na kitambulisho chako. Mgao ni kwa waliojiandikisha tu.

Hesabu herufi na nafasi zake, ni 125. Meseji moja inabeba 160, nikawa na amani kabisa. Kesho yake asubuhi watu wamejaa, salfa inatolewa, saa sita akaja bibi Zainabu na mwanae wamefura, kwamba wao wamesikia kwa jirani, kwanini hawakutumiwa, au kwa sababu hawakuja kwenye kikao cha mwezi uliopita? Nikasema bibi wote wametumiwa. Akaja Yusufu. Akaja Somoe mwingine wajina wangu. Tulivyokaa kuangalia waliokosa ni watu 30, na wote wako mwisho wa orodha kwa alfabeti. Salio la SMS sifuri. Yani 500 zimekwenda kwa watu 250, kila mtu amekula mbili.

Nikapiga simu kwa wale wa kampuni nikiwa na hasira zangu, dada aliyepokea akaniuliza swali moja tu, umeandika ng' ya aina gani? Nikajua ananitania. Kumbe kile kialama cha juu, mwalimu wetu alikua anakiita ritifaa, kipo cha aina mbili. Kuna kile kilichonyooka kinachokaa kwenye kibodi, na kuna kilichopinda kama mkia wa koma ambacho Word inakubadilishia yenyewe ukiandika, hata hujui. Kilichonyooka kiko kwenye alfabeti ya meseji. Kilichopinda hakimo. Na ikiingia herufi moja tu ambayo haimo, meseji NZIMA inahamishiwa kwenye alfabeti nyingine kubwa ambayo inabeba herufi 70 tu badala ya 160, na ikizidi 70 inakatwa vipande vya 67 67. 125 gawa kwa 67, vipande viwili. Mpokeaji haoni tofauti, simu inaunga, unayeona ni wewe mlipaji.

Kialama kimoja, SMS 250 zimeliwa. Na sisi watu wa kusini tulivyo na ng' mpaka kwenye majina ya vijiji!

---

FundiWaMasasi

Dada Somoe umemaliza kazi. Niongeze tu sababu yake kwa wanaopenda kujua. Meseji moja ina nafasi ya baiti 140, haiongezeki. Alfabeti ya kawaida kila herufi inakula biti 7, ndo unapata 160. Ile kubwa kila herufi inakula 16, ndo unabaki na 70. Vile vikatuni vya kucheka na kulia pia viko upande wa huko, kwaiyo ukiweka kikatuni kimoja mwisho ili meseji ipendeze umelipia. Ikizidi 160 kwa alfabeti ya kawaida nayo inakatwa, vipande vya 153, maana kila kipande lazima kibebe kipande cha habari ya kuungia wenzake.

Dawa, andika kwenye Notepad siyo Word. Au kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe, nyingi zina kihesabio pembeni kinakwambia herufi ngapi na SMS ngapi. Kikiruka kutoka 1 kwenda 2 wakati herufi hazijafika 160 basi jua kuna mdudu, anza kutafuta alama za kufungia na kufungulia maneno, na vile vistari virefu, navyo Word inavibadilisha.

Na kwenye imeili kuna mdudu mkubwa zaidi, saini. Imeili za ofisi zinajiandikia chini jina, cheo, sanduku la posta, simu, alafu yale maneno kwamba ujumbe huu ni wa siri kama si wako ufute. Hayo yote yanaweza kuingia kwenye meseji. Maneno yako mistari miwili, saini mistari kumi na moja. Kampuni nyingine zinakupa alama ya kuweka mwisho wa ujumbe ili kilicho chini yake kikatwe, uliza kama wanayo, la sivyo zima saini kabisa kwenye ile imeili.

---

Kijana_Chikongola

mbona mnamchosha mzee wa watu na makampuni, chukua simu ya android yoyote ya zamani weka laini nunua bando la sms la mwezi, kuna apu unaweka kwenye simu inasoma imeili yako inatuma yenyewe kwa kila namba, mimi nilifanya ya harusi ya dada angu michango yote nilikumbushia hivo, bei chee

---

FundiWaMasasi

Kijana harusi ni watu wangapi, themanini? Kwa themanini sawa na mimi ningefanya hivyo. Lakini android ina breki yake, apu moja ikituma zaidi ya SMS 30 ndani ya nusu saa simu inasimama inakuuliza uruhusu, na lazima mtu akae pale abonyeze. Watu 412 atakaa mpaka adhana ya isha.

La pili laini imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu, kwaiyo chochote kikitokea ni yeye. Laini ya kawaida ikitema meseji mia nne za maneno yale yale kwa mkupuo ndo tabia ya wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ikifungiwa usilie.

Na la tatu hilo hilo la matapeli. Mkulima wa Tandahimba akipata meseji ya korosho kutoka namba asiyoijua ataifuta, na atakua amefanya vizuri.

---

KaraniWaGhala

Hapo kwenye matapeli ndo penyewe kabisa, msimu uliopita mzee mmoja hapa alipigiwa kwamba malipo yake yamekwama atume ya kufungulia. Sasa nitafanyaje wajue ni sisi?

---

Somoe_Lindi

Unaomba jina la mtumaji. Badala ya namba inatokea jina, kama benki zinavyofanya. Kampuni inakuombea kwa mitandao, unapeleka barua ya chama na cheti cha usajili, usisubiri salfa ishafika ndo uanze maana haitoki siku hiyo hiyo. Jina mwisho herufi 11 na nafasi inahesabiwa. Sisi tulitaka KOROSHO YETU ikakataa, ni 12, tukaunganisha ikawa KOROSHOYETU ikakaa sawasawa.

Ubaya wake mmoja, meseji ya jina haijibiki. Wazee hawajui, wanabonyeza jibu wanaandika "bei gani" wanasubiri, alafu wanakuja ofisini kulalamika umewanyamazia. Weka namba ya kupiga ndani ya maneno.

---

BintiMikindani

Naongeza matatu haraka nipo kazini.

Ukipanga namba kwenye Excel itakula sifuri ya mbele, 07 inakua 7, na zingine itakuandikia kwa herufi E katikati kama hesabu ya fizikia. Fanya hiyo safu iwe ya maandishi kwanza kabla hujaandika, hata kama zote unaanza na 255 moja kwa moja.

Kuhusu njia ya imeili, uliza kampuni inajuaje kwamba aliyetuma ni wewe. Kama inaangalia tu imeili imetoka kwa nani, hiyo ni mlango wa bati, jina la mtumaji wa imeili linaghushiwa na mtoto wa sekondari. Mtu akijua anwani yenu anaweza kuwatumia wakulima wenu 412 kwa jina lenu na kwa salio lenu kwamba mnada umeahirishwa, alafu kangomba, wale wanunuzi wa korosho wa kichochoro, wanapita kesho yake na magunia, fikiria mwenyewe. Dai iwe na neno la siri ndani yake. Mimi binafsi ningeacha imeili kabisa nikatumia ukurasa wao.

Simu ikiwa imezimwa meseji haipotei hapo hapo, kituo cha meseji kinaishika kinajaribu tena mpaka muda wake uishe. Huku vijijini mtu anaacha simu dukani ichajiwe siku nzima, kwaiyo tuma jioni au siku mbili kabla, siyo asubuhi ya siku yenyewe kama dada Somoe :)

Na namba za watu siyo za kugawa, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Waambie kwenye mkutano kwamba namba zao zitatumika kwa habari za chama tu, waandikwe kwenye muhtasari.

---

Somoe_Lindi

Binti umenichoma hapo kwa asubuhi lakini nakubali 😂

---

KaraniWaGhala

Wakuu narudi na mrejesho, wiki tatu zimepita.

Mwenyekiti alikua ameusoma uzi wote kumbe, aliingia ofisini akaniuliza "ng' yako imenyooka?" nikajua basi. Kikao kimepitisha. Imeili tumeachana nayo, tunatumia ukurasa wa kampuni, barua ya jina tumepeleka bado tunasubiri.

Wakati tunasubiri nikasema nihakiki namba, nikakaa na daftari pale ghalani siku nne kila anayekuja namuuliza namba na anaitaja kwa mdomo. Hapo ndo nimeona mambo. Namba 37 ni za watoto na wajukuu, wengine wako Mbagala wengine Kigamboni, mzee anasema hiyo namba ya mjukuu yeye ndo ananisomea. Nikamuuliza mzee sasa mjukuu yuko Dar atakusomeaje meseji ya salfa ya kesho? Akasema atapiga. Atapiga wapi wewe simu huna? Kwa jirani. Jirani namba yake ninayo tayari, naye ni mwanachama!

Wengine 11 ni wanandoa namba moja watu wawili, hao nimewafuta mara moja moja hesabu imepungua. Nimejaribu na watu kumi kwanza kwa namba ya kampuni, tisa wamepata ndani ya dakika, wa kumi alipata saa tatu usiku akanipigia kuuliza kama ni kweli ni mimi au tapeli. Nikafurahi kweli alivyouliza.

Swali dogo la mwisho kwa dada Somoe, wale 37 wa wajukuu nyie mlifanyaje?

---

Somoe_Lindi

Kaka, sisi wa hivyo walikua 19. Tuliwaandikia namba ya jirani kama ulivyoona mwenyewe, jirani tukamwambia mbele yake ili asije akasema hakujua.

Na bodaboda wa spika tunaye bado.

---

KaraniWaGhala

Nilijua tu. Nimeshamwambia mwenyekiti asimuachishe.